Jina la Kwanza Tumepata, la Pili Je?



Kila sifa njema ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao insha Allah mtakuwa wazazi, suala ninaloulizwa zaidi hapa Nyamirambo si la ndoa wala la mirathi. Ni la majina. Baba mpya anapiga simu baada ya Isha, yuko nje ya wodi, sauti imejaa furaha: "Ustadhi, tumepata kijana, tumemwita Haruna. Sasa hilo la pili tuweke lipi?" La kwanza huwa halina tabu. Mama alishalichagua tangu mimba ina miezi minne, au ni jina la babu. La pili ndilo linalogombanisha nyumba.

Kwa ndugu zetu wanaosoma makala haya wakiwa Tanga, Mombasa au Muscat, lazima nieleze kidogo, maana kwenu jina la pili halina mjadala. Mtu ni Ali, baba yake Juma, babu yake Hamisi, basi anaandikwa Ali Juma Hamisi na kazi imekwisha. Rwanda si hivyo. Katika desturi ya Kinyarwanda hakuna jina la ukoo linalorithiwa. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na jina hilo aghalabu ni sentensi nzima, yenye kitenzi chake na maana yake. Ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi, na hakuna hata moja linalokuambia baba yao ni nani. Tena kwenye vitambulisho na vyeti jina hilo la Kinyarwanda ndilo hutangulia, kwa herufi kubwa, kisha jina la dini. Kwa hiyo hilo tunaloliita la pili ndilo mtoto wako atakaloitwa kwanza benki, shuleni na kwa daktari. Si la kupachika tu.

Sasa Waislamu wa Kigali tumegawanyika. Familia za Biryogo ambazo mababu zao walikuja na misafara na wakoloni wa Kijerumani kutoka pwani, Tabora, Ujiji na upande wa Manyema, nyingi zimeshika utaratibu wa Kiswahili, jina la pili ni la baba. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, ulijengwa mwaka 1913, na tangu enzi hizo majina ya namna hiyo yapo mtaani kwetu. Familia zilizosilimu hapahapa zinaendelea na jina la Kinyarwanda. Halafu kuna kundi la tatu, la vijana wa leo, wanaochukua majina mawili ya Kiarabu kwenye intaneti, Rayyan Ayman, Zayd Iyad, na ukimuuliza baba maana yake anakwambia subiri nimuulize mama yake.

Mimi nina msimamo wangu na nitausema wazi. Lakini kwanza tuweke sawa jambo moja ambalo limewatia hofu watu wengi bila sababu.

Jina la Muislamu si lazima liwe la Kiarabu. Sharti ni maana njema. Tumefundishwa kwamba majina yanayopendeza zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdurrahman, na Hadithi hiyo iko katika Sahih Muslim. Lakini tazameni majina ambayo Mtume (s.a.w.) aliyabadilisha. Kulikuwa na binti aliyeitwa Aasiya, maana yake muasi, akamwita Jamila. Kulikuwa na Hazn, babu yake Said bin al-Musayyab, jina lenye maana ya ugumu, akataka kumwita Sahl, yaani wepesi. Mzee yule alikataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake akaja kusema kwamba ugumu ule uliendelea kubaki katika familia yao. Sasa Aasiya na Hazn ni majina ya lugha gani? Ni Kiarabu safi! Na Ibrahim, Ismail, Musa, Haruna, majina tunayoyaita ya Kiislamu bila kusita, asili yao si Kiarabu. Kilichopimwa kilikuwa maana, haikuwa lugha.

Nikija kwenye maana, Kinyarwanda kina hazina ambayo nadhani Waswahili wenzetu wangetuonea wivu. Neno Imana, jina la Mungu, lilikuwepo katika lugha hii kabla ya dini yoyote kuja kutoka nje, na wazee walilijenga ndani ya majina ya watoto wao. Habimana, Mungu yupo. Hategekimana, anayetawala ni Mungu. Bizimana, ajuaye ni Mungu. Hakizimana, anayeponya ni Mungu. Sibomana, wao si Mungu, na hapo mtu ameshakanusha miungu yote ya uongo kabla hajafundishwa shahada! Ntakirutimana, hakuna kinachompita Mungu. Nikiwafundisha watoto maana ya Allahu Akbar hulitumia jina hilo, na wanaelewa kabla sijamaliza kueleza.

Kuna mengine ambayo neno Imana halisikiki lakini limo. Mtazame hiyo silabi -yi- iliyojificha katikati. Ndayisenga, namwomba Yeye. Nsengiyumva, namwomba yule Asikiaye. Nshimiyimana, namshukuru Mungu, na hapa limejitokeza mara mbili. Sheikh Saleh Habimana alikuwa Mufti wa Rwanda, Sheikh Salim Hitimana pia, na tangu mwaka 2024 tuna Sheikh Mussa Sindayigaya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona jina la Kinyarwanda linampunguzia kitu. Na lile la Hitimana, kwa asiyejua, maana yake ni kwamba anayetoa jina ni Mungu. Hata wapenzi wa mpira wa Dar es Salaam waliomshangilia Haruna Niyonzima akiwa Yanga na baadaye Simba walikuwa wakitaja, bila kujua, kwamba Mungu ndiye aliye Hai.

Ndiyo maana ninapoulizwa kuhusu jina la pili linaloendana na la kwanza, sianzi na sauti. Naanza na sifa za Allah. Abdulsamii na Nsengiyumva yanazungumzia sifa moja ya kusikia, la kwanza kwa Kiarabu, la pili kwa Kinyarwanda. Shakir na Nshimiyimana, shukrani na shukrani. Bashir na Nkurunziza, mleta bishara na habari njema. Abdulhayy na Niyonzima. Bibi wa mtoto, ambaye pengine hakusilimu na Kiarabu kinampita, anasikia jina la pili na kuelewa la kwanza linasema nini. Mimi naona hii ni da'wa ndani ya familia, na haigharimu hata faranga moja.

Lakini si kila jina la Kinyarwanda linafaa, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Desturi ya Kinyarwanda jina hubeba habari za wakati mtoto alipozaliwa, na habari nyingine ni chungu. Jirani alikuwa adui, basi mtoto akaitwa Banyangiriki, yaani wananichukia kwa nini. Ndugu walikuwa na ugomvi, mtoto akaitwa Bangamwabo, wanawachukia wa kwao. Watoto walikuwa wakifa, aliyefuata akaitwa Bapfakurera, wanalea tu, kana kwamba wanalea bure. Siwacheki wazee, kila jina hapo lina machozi ya mtu. Ila ugomvi wa baba na jirani yake wa mwaka fulani kwa nini umfuate kijana hadi kwenye cheti chake cha ndoa? Mtu anayebeba jina kama hilo tayari hana dhambi yoyote na tusimsumbue. Kwa kichanga cha leo, tuliache.

Kuna majina ya vita. Rugamba linatokana na urugamba, yaani mapambano, na ni jina la heshima katika mashairi ya kale ya kifalme. Lakini ukimwita mtoto Salim Rugamba, umemwita amani na vita kwa pumzi moja. Abu Dawud amepokea kwamba majina mabaya zaidi ni Harb na Murra, na Harb ni vita.

Habyarimana nalo naulizwa. Wazee waliotoa jina hili walikusudia kwamba Mungu ndiye anayejaalia uzazi, na hilo ni kweli. Lakini kitenzi kubyara ni kuzaa, na watoto wetu kila siku wanasoma Suratul Ikhlas kwamba Allah hakuzaa wala hakuzaliwa. Alibebaye kwa nia ile ya wazee, sina neno naye. Ila mzazi anayechagua leo ana majina mia mengine, kwa nini achague lenye utata?

Na Mugisha je? Hili ndilo linaloshangaza watu, maana linapendwa sana na maana yake ni baraka. Katika Sahih Muslim imo Hadithi inayokataza majina Yasar, Rabah, Najih na Aflah, na sababu imetajwa. Utauliza, yupo hapo? Utajibiwa, hayupo. Yaani utauliza kama mafanikio yapo, ujibiwe hayapo. Mapokezi mengine yanataja pia jina Baraka, kwamba Mtume (s.a.w.) alikusudia kulikataza kisha akanyamaza mpaka alipofariki. Imam Nawawi akaeleza kwamba karaha hii ni ya kupendelea kuacha tu, si haramu, na tunajua kwamba mlezi wa Mtume (s.a.w.), Ummu Ayman, jina lake lilikuwa Baraka. Kwa hiyo akina Mugisha watulie. Lakini kila Jumamosi ninapoita majina darasani, "Mugisha yupo?" na darasa zima linajibu kwa kelele "Hayupo!", Hadithi ile huwa nainong'ona moyoni.

Jingine ni hili la Abdul. Katika daftari langu la mahudhurio wamo watoto watatu wanaoitwa Abdul peke yake. Abdul si jina, ni nusu ya jina. Maana yake ni mja wa... wa nani? Mwaka wa kwanza shuleni karani alipasua Abdulkarim vipande viwili, Karim likaonekana kama jina la baba, baadaye likadondoka kabisa. Andikeni Abdulkarim, Abdurrahman, Abdulaziz kama neno moja tangu siku ya kwanza. Na mkubaliane tahajia. Kifaransa kimetuachia Mouhamed, Aboubakar, Youssouf na Oumar, Kiingereza kimeleta Mohammed na Yusuf, na Kinyarwanda kinasema Muhamadi. Zote sawa kwa Allah, lakini si sawa kwa ofisi ya viza. Namjua kijana aliyepata nafasi ya kusoma nje ya nchi akahangaika miezi kwa sababu cheti cha shule kilikuwa na herufi o na pasipoti ilikuwa na herufi u.

Sauti nitapita haraka. Jina fupi linabeba refu vizuri, Ali Ntakirutimana linatamkika. Marefu mawili yanachosha na hayaenei kwenye visanduku vya fomu. Mkumbuke pia kwamba Kinyarwanda hakitenganishi sana l na r, kwa hiyo Ali wako atakuwa Ari kwa nusu ya mtaa, na ulikubali kabla hujaanza kugombana na walimu. Tamkeni majina yote mawili kwa sauti, mara moja kama bibi anavyoita chakula kikiwa tayari, na mara moja kama mwalimu aliyekasirika. Yakipita hapo yanafaa.

Nimesema nina msimamo. Nawapendelea wazazi wachukue jina la Kinyarwanda lenye kumtaja Allah, kuliko majina mawili ya Kiarabu yasiyoeleweka nyumbani. Wazee wetu wanasimulia kwamba zamani mtoto wa Kiislamu aliyetaka kuingia shule za misheni alilazimika kupokea jina la Kikristo, na wengine walikubali ili wasome, na wengine wakabaki nyumbani wakauza karanga. Kwa hiyo jina la dini kwetu lilishalipiwa na halipaswi kuchezewa. Lakini hakuna aliyetuomba tuache lugha ya mama zetu kama bei ya Uislamu. Wale wa Biryogo wenye kufuata jina la baba, wako katika Sunna ya kujulikana nasaba na sina la kuwaambia.

Linalobaki ni jambo zito, nalo ni jina la baba asiye baba.

Mwaka mmoja nyuma niliitwa kwenye nyumba ambayo mtoto wa kiume alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki miezi mitatu kabla. Jina la kwanza marehemu alikuwa ameshalisema, na kila mtu aliliheshimu. La pili ndilo lilikuwa mezani. Bibi mzaa mama alitaka jina la msiba, kwa desturi niliyoieleza, ili kifo cha mkwewe kisisahaulike. Baba mdogo wa mtoto, ambaye ndiye alikuwa akilipa kodi ya nyumba ile na alikuwa ameapa kumlea mtoto kama wake, alitaka jina lake mwenyewe. Akasema, "Mwalimu, mimi ndiye nitamlipia shule. Asiulizwe na wenzake baba yako nani." Alikuwa analia, na sikuona ubaya wowote moyoni mwake.

Nilimwomba Bibi kwanza. Nikamwambia, Mama, msiba huu hautasahauliwa, lakini tusimpe mtoto aubebe kila atakapojaza fomu. Akanyamaza, kisha akaitikia kwa kichwa. Kwa baba mdogo ilikuwa ngumu zaidi. Nilimkumbusha kisa cha Zayd bin Haritha (r.a.), aliyelelewa na Mtume (s.a.w.) kwa mapenzi makubwa mpaka watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Hakuna mlezi bora kuliko yule. Hata hivyo ilipoteremka aya ya tano ya Suratul Ahzab, inayoamrisha watoto waitwe kwa baba zao, Zayd alirudi kuwa bin Haritha. Malezi hayakupungua wala mapenzi hayakupungua. Ila nasaba ilirudi kwa mwenyewe.

Ndugu yule akanijibu jibu zuri, nalo ni haki nilitaje. Akasema jina la Kinyarwanda si la ukoo, kwa hiyo kumpa mtoto jina langu si kudai kwamba nimemzaa. Kwa desturi ya zamani anayo hoja. Lakini leo hati zetu zinasomwa na watu wa nje wanaodhani jina hilo ni la baba, na hata hapa nchini baba wengi wameanza kuwapa watoto majina yao. Kijana atakapofika miaka kumi na tano akaona jina la baba yake mdogo kwenye cheti, atauliza. Katika nchi hii, ambako baada ya Mauaji ya Kimbari ya mwaka 1994 nyumba nyingi, za Waislamu na zisizo za Waislamu, zililea watoto ambao hawakuzaliwa humo, tunajua swali hilo linavyoweza kumkaa mtu. Wengine bado wanalo, nao sasa wana watoto wao.

Nikawaonyesha kwamba kwenye kumbukumbu ya kuzaliwa kuna mahali pa jina la baba. Pale aandikwe marehemu, kwa ukamilifu, na nasaba imehifadhika. Basi jina la pili liko huru kusema kitu kingine. Nilipendekeza Harerimana, anayelea ni Mungu. Na kwa kweli neno Rabb tunalolisoma katika Al-Fatiha ndani yake imo maana ya malezi. Baba mdogo alirudia jina hilo polepole mara mbili, akasema, "Hilo halinitoi." Mama wa mtoto alilipenda, kisha baada ya siku mbili akachagua jingine la jamii hiyohiyo, lenye shukrani ndani yake. Silitaji, maana mtaa wetu ni mdogo na kesho asubuhi wote mngejua ni nyumba ipi.

Mwisho ni la muda. Kwa desturi ya Kinyarwanda mtoto hupewa jina siku ya nane. Watoto wa jirani huitwa, wanajifanya kulima kidogo mbele ya nyumba, wanalishwa, na kila mmoja anapendekeza jina. Wageni siku hizi wakisikia Kwita Izina wanafikiri ni sherehe ya masokwe iliyoanza mwaka 2005, lakini ilikuwa ya binadamu kwanza. Sisi tuna siku ya saba, akika na kunyoa nywele, na tofauti ya siku moja isiwagombanishe mabibi. Alikeni watoto wa jirani siku hiyohiyo, wale nyama ya akika, wapendekeze majina, baba achague. Wenye haraka nao hawana kosa, kwani Mtume (s.a.w.) alipozaliwa mwanawe alimwita Ibrahim tangu usiku ule alipozaliwa. Na haraka ipo kweli, maana tangu mwaka 2020 mtoto anaweza kusajiliwa palepale kwenye kituo cha afya alikozaliwa, na sheria inatoa siku 30 tu. Mkizungumza majina mimba ikiwa na miezi saba, hamtampigia ustadhi simu saa nne usiku karani akiwa amesimama na kalamu.

Na mkipiga, nitapokea insha Allah. Njooni na orodha, jina la kwanza likiwa limeandikwa kwa tahajia moja, na mnieleze jina la pili linasema nini kwa Kinyarwanda cha kwenu, maana Kinyarwanda cha Rwamagana na cha Rubavu havifanani kila neno.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullah.